Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Addis Ababa Bole

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Addis Ababa Bole (kwa Kiamhari: ቦሌ ዓለም አቀፍ አውሮፕላን ማረፊያ, IATA: ADD, ICAO: HAAB) ni uwanja mkuu wa ndege wa nchi ya Ethiopia. Unapatikana katika eneo la Bole, upande wa kusini-mashariki wa mji mkuu Addis Ababa, takriban kilomita 6 kutoka katikati ya jiji. Ni makao makuu na kitovu cha shirika la Ethiopian Airlines, na ni kati ya viwanja vyenye abiria wengi zaidi barani Afrika. Wengi wao hawaingii mjini kabisa: wanashuka kutoka ndege moja na kupanda nyingine.

Uwanja huendeshwa na idara ya viwanja vya ndege iliyo chini ya kundi la kampuni za Ethiopian Airlines. Zamani viwanja vya nchi vilikuwa na shirika lake la serikali, lakini mwaka 2017 shirika hilo liliunganishwa na kampuni ya ndege. Tangu hapo anayenunua ndege na anayejenga jengo la kuzipokea ni yule yule, jambo ambalo si la kawaida katika Afrika Mashariki.

Historia

Ethiopian Airlines iliundwa Desemba 1945 kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani TWA, na safari yake ya kwanza ya abiria ilikwenda Cairo Aprili 1946. Wakati huo ndege zilitumia uwanja wa Lideta, upande wa magharibi wa mji. Lideta ulitosha kwa ndege za rafadha. Shirika lilipoagiza ndege za jeti aina ya Boeing 720, ilionekana wazi kwamba njia yake ya kurukia ni fupi mno, na pia kwamba isingekuwa rahisi kuirefusha. Basi uwanja mpya ulijengwa Bole mwanzoni mwa miaka ya 1960, mahali ambapo wakati ule palikuwa nje ya mji. Safari ya kwanza ya jeti ya Ethiopian, Januari 1963, ilikwenda Nairobi.

Mwezi Mei mwaka huohuo viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa na kuunda OAU, ambayo leo ni Umoja wa Afrika. Makao makuu ya umoja huo yakabaki katika mji huo, na mikutano yake imekuwa ikileta wageni wengi kupitia Bole kila mwaka. Hadi mapinduzi ya 1974 uwanja uliitwa kwa jina la Kaisari Haile Selassie I. Baada ya hapo ukachukua jina la eneo lenyewe.

Mji haukukaa mbali kwa muda mrefu. Bole ya leo ni mtaa wa maghorofa, hoteli, maduka na migahawa, na barabara kuu inayotoka uwanjani kuelekea katikati ya jiji ni kati ya barabara zenye shughuli nyingi zaidi nchini. Uwanja umezungukwa na majengo, na hilo ndilo limekuja kuamua hatima yake.

Mwinuko na athari zake

Bole uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Una njia mbili za kurukia na kutua zinazokwenda sambamba, zenye urefu wa takriban mita 3,700 na 3,800. Kwa uwanja wa pwani urefu huo ungetosha na kubaki. Hapa hali ni tofauti, kwa sababu hewa ya mahali pa juu ni nyepesi: mabawa hubeba kidogo, injini husukuma kidogo, na ndege inabidi ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kuinuka. Kunapokuwa na joto la mchana tatizo huongezeka. Dawa yake ni kupunguza uzito, yaani mafuta, abiria au mizigo.

Mfano unaojulikana zaidi ni safari ya Washington. Ndege inayotoka Addis Ababa haiwezi kuruka na mafuta ya kutosha kuvuka Atlantiki ikiwa imejaa abiria, hivyo hutua njiani kuongeza mafuta. Kwa miaka mingi ilitua Dublin nchini Ireland, na baadaye pia Lomé nchini Togo. Ndege hiyohiyo ikirudi kutoka Washington, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, huja moja kwa moja bila kusimama. Hasara hii ya mwinuko inalipwa kila siku, na hakuna jengo jipya la abiria linaloweza kuiondoa.

Majengo ya abiria

Jengo la 1 ndilo la zamani, na hutumika hasa kwa safari za ndani ya nchi. Jengo la 2 lilifunguliwa Januari 2003 kwa ajili ya safari za kimataifa. Lilipofunguliwa lilionekana kubwa kupita kiasi kwa nchi yenye wasafiri wachache. Katika muda wa miaka kumi hivi likawa limejaa: foleni za ukaguzi zilikutana na foleni za wanaosubiri kupanda, viti havikutosha, na abiria wa usiku walilala sakafuni karibu na milango.

Upanuzi mkubwa ulifanywa na kampuni ya Kichina, China Communications Construction Company, kwa gharama ya dola za Marekani milioni 363, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo kutoka China. Jengo la 2 liliongezwa kutoka mita za mraba 48,000 hadi 74,000. Waziri Mkuu Abiy Ahmed alilizindua tarehe 27 Januari 2019, pamoja na hoteli ya Skylight iliyo jirani, inayomilikiwa na shirika la ndege. Uwezo wa uwanja ulitajwa kuwa umeongezeka mara tatu, hadi abiria milioni 22 kwa mwaka. Sehemu nyingine ya jengo ilikamilika wakati wa janga la UVIKO-19 na kuanza kutumika Juni 2020, ikiwa na mashine za abiria kujihudumia wenyewe ili kupunguza kugusana.

Safari za ndani zilisubiri zaidi. Jengo lake lilipanuliwa kwa takriban dola milioni 50 na kuzinduliwa Februari 2025. Kwa Waethiopia wa kawaida huenda huu ndio upanuzi wenye maana kuliko yote, maana katika nchi ya milima, yenye mikoa ambayo kwa nyakati tofauti haikufikika kwa barabara kutokana na vita, ndege ya ndani si anasa.

Ongezeko la abiria

Takwimu za Bole zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou na kubadilisha ndege Addis Ababa huhesabiwa mara mbili katika uwanja huo: mara moja anapofika na mara ya pili anapoondoka. Kwa hiyo uwanja wa kuunganishia huonekana na watu wengi kuliko waliopita kwa kweli, ingawa kwa wahudumu wa ukaguzi na mizigo kazi ni ileile.

Namba za shirika lenyewe zinaonyesha mwelekeo. Katika mwaka wa fedha wa Ethiopia wa 2018/19 lilibeba abiria zaidi ya milioni 12. Janga la UVIKO-19 lilishusha idadi hiyo sana, lakini mwaka 2023/24 ilifika milioni 17 na mwaka 2024/25 takriban milioni 19. Mwaka 2018 kampuni ya takwimu za safari ForwardKeys ilitangaza kwamba Addis Ababa imeipita Dubai kama njia ya abiria wanaounganisha ndege kuelekea Afrika kusini mwa Sahara.

Sababu ziko kadhaa. Ya kwanza ni jiografia: Addis Ababa ipo kati ya Afrika upande mmoja, na Uarabuni, Asia na Ulaya upande mwingine. Ya pili ni ndege mpya; Ethiopian ilikuwa ya kwanza barani Afrika kupokea Boeing 787 (2012) na Airbus A350 (2016). Ilijiunga na muungano wa Star Alliance Desemba 2011. Lakini iliyo muhimu kuliko zote ni ratiba. Ndege kutoka Ulaya, Asia na Amerika hufika alfajiri, na baada ya saa chache kundi kubwa la ndege huondoka asubuhi kuelekea miji ya Afrika. Jioni mambo hugeuka: ndege za Afrika hurudi, na usiku zile za mbali huondoka. Kwa mpango huu mtu wa Lilongwe anaweza kufika Mumbai kwa kubadilisha ndege mara moja tu.

Mpango huohuo ndio unaoleta msongamano. Jengo ambalo alasiri lina nafasi tele huwa halipitiki alfajiri na usiku, na ndege nyingi hulazimika kuegeshwa mbali, abiria wakiletwa kwa mabasi. Uwezo wa milioni kadhaa kwa mwaka hausemi chochote kuhusu saa hizo mbili tatu ambazo wote wanafika pamoja.

Abiria wa Afrika Mashariki

Ethiopian huunganisha Bole na Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali na Bujumbura, pamoja na miji ya Kongo kama Kinshasa na Lubumbashi. Watalii wanaokwenda Zanzibar na Kilimanjaro, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa China na wanafunzi wanaokwenda ng'ambo ni sehemu kubwa ya wanaopita hapo.

Abiria anayesema Kiswahili atakutana na jambo moja la kufahamika: Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo, kama Waswahili, hivyo saa mbili asubuhi ya Addis Ababa ni saa mbili asubuhi ya Mombasa. Tiketi na mbao za matangazo uwanjani, hata hivyo, hufuata saa za kimataifa.

Tarehe 10 Machi 2019, wiki sita baada ya uzinduzi wa jengo lililopanuliwa, ndege ya safari namba 302 iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka Bole. Watu wote 157 walifariki, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ilikuwa ajali ya pili ya Boeing 737 MAX katika muda wa miezi mitano, baada ya ile ya Lion Air nchini Indonesia, na ndege za aina hiyo zilisimamishwa duniani kote.

Mizigo

Maua, nyama na bidhaa nyingine za kuharibika haraka husafirishwa kutoka hapa kwenda Ulaya na Uarabuni. Jengo la pili la mizigo, lenye vyumba vya baridi, lilifunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2020, abiria walipokosekana, shirika liling'oa viti katika baadhi ya ndege zake ili zibebe vifaa vya tiba, na mapato ya mizigo yakalivusha katika mwaka ambao mashirika mengi yaliomba fedha za serikali zao.

Uwanja mpya wa Bishoftu

Uongozi wa shirika umeeleza kwamba Bole hauwezi kuhudumia zaidi ya abiria milioni 25 hivi kwa mwaka, na kwamba kikomo hicho kimekaribia. Njia mbili za kurukia ziko karibu mno kwa ndege kuzitumia kila moja kivyake, na hakuna ardhi ya kujenga ya tatu bila kubomoa mitaa mizima.

Suluhisho lililochaguliwa ni kuhama. Tarehe 10 Januari 2026 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alizindua ujenzi wa uwanja mpya karibu na Bishoftu katika jimbo la Oromia, takriban kilomita 40 kusini-mashariki mwa Addis Ababa. Usanifu ni wa kampuni ya Zaha Hadid Architects ya London, na Benki ya Maendeleo ya Afrika inaongoza kazi ya kutafuta mikopo. Gharama imekadiriwa kuwa dola bilioni 12.5. Awamu ya kwanza imepangwa kumalizika mwaka 2030 ikiwa na uwezo wa abiria milioni 60, na baadaye njia nne za kurukia zitahudumia milioni 110. Mahali hapo ni chini ya Bole kwa karibu mita 400, kwa hiyo ndege zitaweza kuruka zikiwa na mafuta na mizigo zaidi.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Eneo la Bishoftu ni mashamba ya wakulima wadogo, na teff inayolimwa upande huo, nafaka ya kutengenezea injera, inasifiwa nchini kote. Takriban familia 2,500 za wakulima zinahusika na uhamisho, na shirika la ndege limetenga karibu dola milioni 350 kwa ajili ya fidia na makazi mapya. Nyumba zimejengwa kwa ajili ya wanaohamishwa. Mashamba yenye udongo kama ule ni vigumu zaidi kuyapata.