Kijana Askari Asiye na Jina

Sisi tukaao Kimara, tuteremkapo mjini kwa Barabara ya Morogoro, twapita Kariakoo pasipo kukumbuka kwamba jina hilo ni la kijeshi. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliokuwa na kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916. Mbele kidogo yasimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ni kijana wa shaba, ameikaza bunduki yenye singe. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Hayamtaji hata mmoja kwa jina.

Atakaye kujua kijana huyo alilala wapi sharti aende Kinondoni, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara. Waafrika, Wakristo na wasio Wakristo, hawakuwa wamewekewa alama mmoja mmoja. Kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja, na kuta za ukumbusho zikasimamishwa penye makaburi yao. Tulipowapeleka wanafunzi huko, mmoja aliuliza: "Mchungaji, hapa tungesoma ibada ya mazishi ya nani?"

Wako wasemao kwamba Mungu awajua walio wake, na yatosha. Twaikiri kweli hiyo, ila twaihofia itumiwapo mapema mno, na hasa itumiwapo na mwenye gharama ya kukwepa. Baada ya vita, Gavana Byatt wa Tanganyika aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Wakubwa wengine walidai kwamba Mwafrika hathamini jiwe la kaburi. (Kana kwamba wazee wetu hawakujua kuonyesha wajukuu mahali babu alipolazwa!) Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kwa Walutheri shida yazidi. Vijana waliobatizwa katika misheni za Kijerumani walijikuta pande zote mbili, na Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 tu, majuma mawili baada ya mapigano kukoma Ulaya. Aliyekufa chini ya bendera yake si wa tume hiyo. Ni wa nani basi, ikiwa si wa usharika uliombatiza?

Isaya 56 yaahidi jina lisilokatiliwa mbali kwa watu waliodhaniwa kuwa mti mkavu, na ahadi hiyo hutolewa ndani ya nyumba ya Bwana. Sharika zetu kongwe zingali na vitabu vya ubatizo vya kabla ya 1914. Tumewaagiza wanafunzi, waendapo likizo, waombe ruhusa ya kuvifungua na kunakili majina ya vijana ambao baada ya mwaka huo hawaonekani tena, si kwenye ndoa wala kwenye mazishi. Si kila aliyepotea kitabuni alikufa vitani. Hilo wataliuliza kwa wazee wa ukoo.

Jina litakalothibitika litasomwa siku ya kuwakumbuka marehemu, hata kama kaburi halijulikani.