Nyumba Yangu, Kiwanja Chako

Mji wa Unguja una pande mbili, na upande wa pili haukupewa hata jina lake wenyewe. Uliitwa Ng'ambo, yaani kule kwengine, kuvuka mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga rasi ya Shangani na kisiwa kilichobaki. Aliyeuita hivyo, bila shaka, alikuwa amesimama Mji Mkongwe. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, barabara ikapita juu yake, na daraja likabakia katika jina la Darajani tu. Jina la Ng'ambo halikufukiwa.

Waliohamia huko katika karne ya 19 walikuwa watumwa na walioachwa huru, wavuvi, mafundi, wachukuzi, na wageni kutoka Bara, Ngazija na Bara Arabu. Walijenga kama watu wa pwani wajengavyo: boriti za mikoko, fito, udongo na mawe madogo, makuti juu, baraza mbele, uwani nyuma. Nyumba kama hiyo mtu huijenga kwa nguvu zake na za jirani zake, na huiongeza chumba mwana akioa. Ni mali yake. Ardhi iliyo chini yake ndiyo isiyokuwa yake. Ilikuwa ya tajiri wa shamba, au ya mfanyabiashara, au ni wakfu uliowekwa na marehemu fulani kwa ajili ya msikiti au kizazi chake.

Hapo zamani jambo hilo halikumkera mtu sana. Bwana mwenye ardhi alipenda kuwa na watu wake karibu, na alichotaka kwao kilikuwa heshima na utumishi kuliko fedha. Mambo yaligeuka mji ulipokua na ardhi ikawa na bei. Kodi ya kiwanja ikaanza kupanda, na kufikia miaka ya 1920 mwenye nyumba wa Ng'ambo alijikuta katika hali ya ajabu: kuta ni zake, paa ni lake, lakini mwenye kiwanja anaweza kumpeleka mahakamani na kumtoa. Nyumba ya udongo haibebeki kichwani. Akitolewa, kilicho chake hubaki juu ya kisicho chake.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa wenye nyumba kwa jina lao wenyewe na wakiishi kwa kupangisha vyumba, walikuwa mstari wa mbele. Hoja yao haikuwa ngumu: ardhi aliiumba Mungu, nyumba tumeijenga sisi, basi mwenzetu anadai nini? Wanasheria waliicheka hoja hiyo, lakini mgomo ulidumu, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kupandishwa kodi kiholela. Mara nyingi historia ya makaazi ya watu wa chini husimuliwa kama orodha ya yale waliyofanyiwa na serikali. Yafaa ikumbukwe kuwa nafuu ya kwanza yenye maana huko Ng'ambo haikutoka kwenye meza ya mpangaji miji. Ilitoka barazani.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini mwaka 1911 na kuishi Ng'ambo, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri. Nyimbo zilizompa jina zilitungwa na kuimbwa miongoni mwa watu hao hao, na habari za mahakama na za wakubwa waliodhulumu zilikuwa katika mambo yaliyosikika humo. Anayetaka kujua watu wa mitaa ile waliionaje haki asiishie kwenye majalada ya serikali.

Wapangaji nao walikuja, mmoja baada ya mwengine. Henry Vaughan Lanchester, Muingereza, alichapisha utafiti wake wa mji mwaka 1923; sehemu kubwa yake ilibakia kwenye karatasi. Katika miaka ya 1940 Eric Dutton, Katibu Mkuu wa serikali ya kikoloni, aliyekwisha kuwa na mkono katika ujenzi wa mji wa Lusaka, aliazimia kuijenga Ng'ambo upya. Pakanyooshwa njia, zikasimamishwa nyumba za kupigiwa mfano, na likajengwa jumba la jumuiya la Raha Leo, ambalo mhandisi Ajit Singh Hoogan alikuwa na sehemu kubwa katika mchoro wake. Nyumba zenyewe zilikuwa chache, na kodi yake ilimshinda yule aliyetajwa kuwa ndiye anayejengewa, zikawafaa zaidi watumishi wa serikali. Raha Leo ilibaki, na kutoka hapo, Januari 1964, redio ilitangaza kuwa serikali imepinduliwa.

Baada ya Mapinduzi suala la kiwanja lilikatwa kwa panga: mwaka 1964 ardhi yote ikawa ya serikali. Kodi iliyowagombanisha watu 1928 ikafa. Kisha wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuitambua. Walianza na majumba ya Kikwajuni, na mwaka 1968 Hubert Scholz akatoa mpango wa mji uliokusudia kuiondoa sehemu kubwa ya Ng'ambo na kuweka majumba ya ghorofa mahala pake.

Michenzani, mtaa ulioitwa kwa michenza yake, ndipo mpango huo ulipoonekana kwa macho. Barabara mbili pana zilikatizana msalaba, na kandokando yake yakapangwa majumba 10, kila moja likiwa na urefu wa karibu mita 300. Mzee Karume aliyasimamia kama mtu anayejijengea nyumba yake mwenyewe. Aliuawa Kisiwandui, hatua chache kutoka hapo, tarehe 7 Aprili 1972, kazi ikiwa bado mbichi. Wananchi walitakiwa kujitolea katika ujenzi, na kujitolea huko mara nyingi hakukuwa kwa hiari. Majumba ya aina hiyo yalisimamishwa pia Makunduchi na Bambi, na Pemba katika Wete, Chake Chake na Mkoani.

Ni rahisi kuyacheka majumba hayo, na wageni wamezoea kuyacheka wanapopita kwenda fukweni. Lakini aliyelala chini ya makuti yanayovuja, akachota maji kisimani na kwenda chooni gizani, alipewa fleti yenye umeme, bomba na choo cha ndani, bila kulipa kodi ya pango. Watawala waliotangulia hawakumpa hicho. Alichonyang'anywa kilikuwa kigumu kukihesabu: baraza, uwani, chumba cha kuongeza, na cha kupangisha. Kinu ghorofa ya nne huwa ugomvi na wa ghorofa ya tatu. Maji yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo zilipanda kwa ngazi. Na mwanawe alipooa, ukuta wa zege haukusogea. Kijana huyo alikwenda kujenga pembezoni mwa mji, kwenye mashamba, kwa namna ile ile babu yake aliyojenga Ng'ambo, bila hati na bila mtaro. Mpango wa Wachina wa mwaka 1982 ulipokuja kugawa viwanja, wengi walikuwa wameshahamia.

Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 ukaingia katika Urithi wa Dunia. Mpaka wa urithi ulipita pale pale palipokuwa na maji. Ilibidi ifike miaka ya 2010 ndipo idara ya mipango miji ilipokaa na wakaazi kuuliza ni Ng'ambo gani waitakayo, na atlasi ya Ng'ambo ikachapishwa mwaka 2019, ikihesabu misikiti yake, baraza zake na sinema zake za zamani. Katika muongo huo huo mradi wa huduma za miji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2011, uliliwezesha Baraza la Manispaa kupata mitaro ya maji ya mvua na taa za barabarani. Mtaro hauna fahari ya kufunguliwa kwa kukata utepe. Hata hivyo kwa mtu wa bondeni, anayezijua mvua za masika kwa alama ya maji kwenye ukuta wake, huo ndio uliomsaidia abaki alipo.

Tangu sheria ya umilikaji ardhi ya mwaka 1992, ardhi imekabidhiwa Rais kwa niaba ya wananchi, na raia hupewa haki ya kuitumia. Nyumba za Kwahani zilipoanza kubomolewa ili pasimame majumba mapya, watu wa mtaa huo walipanga vyombo vyao nje, godoro juu ya kabati, na swali walilokuwa nalo mkononi lilikuwa na umri wa karibu miaka 100: kuta ni zetu, je, na hapa chini?