Mwanamume Asiye na Mlango: Kinga dhidi ya VVU miongoni mwa Wanaume wa Nungwi, Unguja, tangu 1986

1.0 Utangulizi

Nungwi ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo vya baharini kilichopo kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini A. Historia ya kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi (VVU) Zanzibar imeelezwa zaidi kupitia hospitali za mjini na makundi yaliyo katika hatari kubwa ya maambukizi. Makala haya yanamwangalia mwanamume wa kawaida wa kijiji hicho, aliyeoa au anayetarajia kuoa. Hoja kuu ni kwamba kiwango kidogo cha maambukizi visiwani, ambacho ni mafanikio ya kweli, kimechangia kumweka mwanamume huyu nje ya upeo wa programu za kinga.

2.0 Kutoka Dago hadi Hoteli

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Zanzibar iliwatambua wa kwake mwaka 1986 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na mwaka uliofuata Wizara ya Afya ikaanzisha programu ya kudhibiti maradhi hayo. Wakati huo Nungwi iliishi kwa bahari. Wavuvi wa pwani hii wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhamia kwa msimu katika fukwe nyingine kufuata samaki, mbali na wake zao kwa wiki au miezi.

Katika miaka ya 1990, kufuatia kulegezwa kwa masharti ya biashara na uwekezaji, hoteli ziliota ufukweni. Vijana kutoka Bara na vijiji vingine walikuja kutafuta kazi, na wengine wakawa mapapasi, yaani waongozaji wa watalii wasio rasmi. Kijiji ambacho wanaume wake ndio waliokuwa wakisafiri kikawa chenyewe kituo cha wasafiri. Mabadiliko hayo yalizaa maelezo rahisi kwamba Ukimwi ni maradhi ya wageni. Maelezo hayo yana kasoro kubwa: yanasahau kwamba dago ilikuwapo kabla ya hoteli, na yanampa mwenyeji sababu ya kujiona salama.

3.0 Mimbari, Jando na Kondomu

Kwa kuwa takriban wananchi wote wa Zanzibar ni Waislamu, ujumbe wa kinga haukuweza kukwepa msikiti. Viongozi wa dini walisisitiza kujizuia na zinaa, uaminifu katika ndoa na, baadaye, kupima kabla ya nikahi. Kondomu ilibaki suala la mvutano: kwa mtaalamu wa afya ilikuwa kifaa cha kuokoa maisha, na kwa baadhi ya wahubiri ilikuwa ruhusa ya kuzini. Ujumbe wa uaminifu ulikuwa na uzito wake, lakini unamlinda mtu pale tu ambapo hali ya afya ya wanandoa wote inajulikana. Katika jamii yenye ndoa za mitala, talaka na kuoa tena, sharti hilo si dogo.

Suala la jando linaonesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Majaribio ya kitabibu yaliyofanyika Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) yalionesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga. Katika mikoa ya Bara ambako tohara haikuwa desturi, kampeni zilizofuata ziliwaingiza wanaume wengi katika vituo vya afya, na humo wakapewa ushauri na nafasi ya kupima. Mwanamume wa Nungwi alikuwa ametahiriwa utotoni. Alikuwa na kinga hiyo ya sehemu, lakini alikosa safari ya kituoni iliyoambatana nayo.

4.0 Takwimu na Kutoonekana

Utafiti wa mwaka 2002 ulikadiria maambukizi kwa watu wa Zanzibar kuwa asilimia 0.6, kiwango cha wanawake kikiwa juu ya cha wanaume. Mwaka huohuo Tume ya Ukimwi Zanzibar iliundwa. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulipata tena asilimia 0.6, huku Bara ikikaribia asilimia 6. Tafiti za mwaka 2007 miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya, wanawake wanaofanya biashara ya ngono na wanaume wanaojamiiana na wanaume zilipata zaidi ya asilimia 10 katika kila kundi. Kuelekeza rasilimali huko kulikuwa uamuzi wa haki. Hata hivyo, mwanamume wa kawaida alibaki akitajwa kama mteja wa kundi fulani au mume wa mjamzito, na mara chache kama mlengwa mwenyewe.

Mwanamke ana mlango wake, yaani kliniki ya wajawazito. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua, na yeye ndiye anayebeba habari hiyo nyumbani, pamoja na hofu ya kulaumiwa au kupewa talaka. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa Zanzibar mwaka 2005, kuchelewa kupima kumekuwa na gharama mpya: mtu asiyejua hali yake hakosi tiba tu, bali pia huendelea kuambukiza. Dodoma mwaka 2018, Serikali ya Muungano ilizindua kampeni ya Furaha Yangu, iliyowahimiza hasa wanaume kupima. Ushahidi kwamba tatizo lilitambulika rasmi.

5.0 Hitimisho

Historia ya Nungwi inaonesha kuwa kinga ya mwanamume ilitegemea mambo aliyoyarithi, yaani jando na maadili ya dini, kuliko huduma alizozifuata. Urithi huo una thamani, ila hauwezi kumwambia mtu kama ameambukizwa. Huduma ya kupima inayomfikia mvuvi dikoni, kwa saa anazorudi na kwa kalenda ya dago, ingemfungulia mlango ambao kwa takriban miongo minne umekuwa wa mkewe peke yake.