Thamani ya Neno Katika Tangazo

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji, methali hii ni kweli tupu katika soko dogo, ambamo mnunuzi na mwuzaji hujuana kwa majina. Lakini soko likipanuka, kizuri kisichojulikana kilipo hakipati mnunuzi. Ndiyo sababu watu wa kila zama walitafuta njia ya kutangaza. Katika pwani yetu mgambo ulipolia watu walijua kuna jambo. Katika Uingereza, karibu na mwaka 1477, mpiga chapa William Caxton alitoa karatasi ndogo ya kutangaza kitabu cha taratibu za ibada. Alisema kwa maneno machache kitabu ni cha namna gani na kwamba kinapatikana Westminster kwa bei nafuu, kisha akawasihi wapitao wasiibandue karatasi yake.

Tangu siku hizo mtangazaji alisumbuliwa na swali moja: je, fedha niliyoitoa imeleta mnunuzi? Mwenye gazeti aliuza nafasi katika ukurasa, akapokea malipo yake, basi. Kama tangazo lilisomwa na elfu au halikusomwa na mtu, malipo yalikuwa yale yale.

Mtu mmoja aliyelishughulikia swali hili kwa bidii ni Claude Hopkins, mzaliwa wa Michigan, Marekani, mwaka 1866. Yeye alitia katika tangazo kipande cha karatasi cha kukatwa na kupelekwa kwa posta, na kila tangazo likawa na alama yake. Vipande viliporudi alivihesabu, akajua maneno gani yalivuta watu na maneno gani yalipotea hewani. Mwaka 1923 alitoa kitabu kiitwacho Scientific Advertising, akafundisha kwamba sifa za jumla hazimshawishi mtu, bali jambo dhahiri lenye kiasi chake huaminiwa. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila ilikwenda kwa mwendo wa posta.

Intaneti ikaja na mwendo mwingine. Tarehe 27 Oktoba 1994 matangazo yenye picha yalionekana katika ukurasa wa HotWired, na msomaji aliweza kuyabofya akafika papo hapo kwa mwuzaji. Hata hivyo desturi ya zamani iliendelea: mtangazaji alilipia nafasi, au idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa.

Mwaka 1998 Bill Gross wa California alianzisha mtambo wa kutafutia ulioitwa GoTo. Aliona kwamba mtu atafutaye neno amekwisha kuitangaza haja yake mwenyewe. Basi akayatia maneno mnadani. Kila mwuzaji alitaja kiasi atakacholipa, kuanzia senti moja ya dola, na aliyetaja kiasi kikubwa akawekwa juu. Lakini hakulipa kitu mpaka mtu abofye tangazo lake. Gross alitumaini kwamba mtu atoaye fedha kwa kila mgeni hatawaita wageni asiokuwa na haja nao. Kampuni hiyo ikabadili jina kuwa Overture mwaka 2001, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo.

Mnada huo ulikuwa na kasoro: tajiri aliweza kukaa juu hata kama tangazo lake halikumfaa mtafutaji. Google ilianza kuuza matangazo yake mafupi mwezi wa Oktoba 2000, ikiwa na watangazaji 350, nayo ililipwa kwa kuonyesha. Februari 2002 ikaanza kulipwa kwa mbofyo, lakini ilikipima kiasi kilichotajwa pamoja na kadiri watu wanavyolibofya tangazo lenyewe.

Tufanye hesabu, msomaji. Mwuzaji wa kwanza ametaja senti 10, na katika watu 100 waliolitazama tangazo lake amebofya mmoja. Wa pili ametaja senti 5, na katika watu 100 wamebofya watatu. Wa kwanza ataleta senti 10, wa pili senti 15. Basi wa pili, ingawa ametaja nusu tu, ndiye atakayewekwa juu. Kwa mara ya kwanza neno lililoandikwa vizuri lilipata thamani ya fedha inayohesabika mbele ya macho.

Na neno hilo lilikuwa finyu. Kichwa kilipewa herufi 25, na mistari miwili chini yake herufi 35 kila mmoja, nafasi zikihesabiwa. Mtunzi wa mashairi aliyezoea kutimiza mizani ataielewa taabu hii. Tazama mfano wa mwenye bohari ya viatu. Akiandika kwamba duka lake ni bora kuliko yote na kuwakaribisha watu wote, hajasema kitu. Lakini akiandika hivi:

Viatu vya Shule vya Ngozi
Namba 28 hadi 40, rangi nyeusi.
Huuzwa kwa jumla, jozi 20 au zaidi.

Hapo kichwa kimetimiza herufi 25, na mstari wa mwisho 35. Kichwa kimetumia maneno ya mtafutaji mwenyewe. Mstari wa pili umetaja jambo dhahiri. Mstari wa tatu umefanya kazi ambayo wengi huisahau: umemzuia atakaye jozi moja asibofye bure, kwani kila abofyaye hulipiwa. Tangazo jema huita, na pia hukataza.

Vipimo hivyo vimebadilika. Mwaka 2016 viliongezwa, na siku hizi mwandishi hutoa vichwa hata 15, na mtambo huvipanga wenyewe. Hila nazo zilizuka. Wako waliobofya matangazo ya washindani wao ili kuwamalizia fedha, na mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza shauri la mibofyo ya namna hiyo huko Arkansas kwa dola milioni 90. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwataka wenye mitambo waonyeshe wazi matokeo yaliyolipiwa, ili mtafutaji asidhani kwamba anashauriwa na rafiki kumbe anaitwa na dalali.

Msomaji, wewe nawe utatafuta, na huenda siku moja ukaandika. Utafutapo, angalia kama ulilopewa limelipiwa. Uandikapo, kumbuka kwamba ahadi ya uwongo huleta mbofyo na haileti mnunuzi, na gharama ya mbofyo huo utailipa wewe. Njia ya mwongo ni fupi, na katika mnada huu urefu wake hupimwa kwa senti.