Nyundo ya Nyota na Hesabu ya Fidia

Februari 2008 ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilipeleka mchezo wake wa nyota New Orleans, na wachezaji wakaenda kufanya kazi za kujitolea katika jiji ambalo kimbunga Katrina kilikuwa kimelizamisha Agosti 2005. Watetezi wa shughuli za namna hii husifu jasho la nyota. Naona wanasifu kisichostahili. Kwa nguvu kazi, mchango huo ni mdogo mno. Fundi yeyote anajua mgeni mwenye glavu mpya humchelewesha, na akishaondoka kuna misumari ya kung'oa na kupigilia upya.

Tena, mikono haikuwa tatizo kubwa New Orleans; tatizo lilikuwa fedha. Road Home, mpango wa jimbo la Louisiana wa kuwalipa fidia wenye nyumba, ulitazama bei ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuijenga upya, kisha ukafuata kiasi kilicho kidogo. Chukua nyumba mbili za ukubwa mmoja, mbao zilezile, paa lilelile. Kuzijenga ni gharama ileile, lakini iliyo katika mtaa wa Weusi soko liliithamini kidogo, kwa hiyo mwenyewe alipewa pungufu na hakuweza kumaliza ujenzi. Shauri lilifunguliwa 2008 kudai kwamba huo ni ubaguzi. Likamalizwa 2011 kwa makubaliano ya dola milioni 62. Miaka sita baada ya maji!

Warrick Dunn, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, aliingilia penye fedha. Mama yake, askari polisi wa Baton Rouge, aliuawa Januari 1993 akiwa kwenye kibarua cha ziada cha ulinzi, bila kuipata nyumba aliyoitamani. Dunn, mwenye miaka 18, akabaki na wadogo watano. Tangu 1997 amekuwa akiwachangia wazazi wanaolea peke yao malipo ya awali ya nyumba na kuwawekea samani. Samani si pambo. Mzazi aliyekausha akiba yake kwa malipo ya awali hununua vitanda na friji kwa mkopo, na deni hilo dogo ndilo humfanya achelewe kulipa benki.

Itasemwa kwamba bila sura ya nyota fedha haziji. Ni kweli: baada ya kimbunga Harvey, 2017, mchezaji mwingine wa futiboli ya Kimarekani, J.J. Watt, aliomba dola 200,000 kwa ajili ya Houston, zikaja zaidi ya milioni 37. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono, maana kilichofanya kazi hapo ni jina lake, si nyundo. Jina hilohilo hufungua mlango wa gavana. Wachezaji waliokuwa New Orleans 2008 walifika wakati Road Home ungali unagawa fedha kwa kanuni ileile. Waandishi wa habari walikuwa tayari wamewazunguka, wakingoja waseme neno.