Taratibu si polepole

Ukimuuliza mwanakwaya korale, yaani nyimbo za ibada za kale za Kijerumani, huimbwaje, huenda akajibu "taratibu", akimaanisha polepole na kwa huzuni. Lakini taratibu lina maana mbili: mwendo usio na haraka, na mambo kufuatana kwa mpango. Hiyo ya pili ndiyo inayoifaa korale. Chukua tuni ya Hans Leo Hassler ya mwaka 1601. Ilizaliwa wimbo wa mapenzi, wenye mapigo mepesi, ndipo Walutheri wakaiimbia mateso ya Kristo. Mtunzi Johann Sebastian Bach aliitumia mara 5 katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo, akibadili ufunguo na kuipa sauti za chini uchungu mkali zaidi Yesu anapokata roho. Kisha akafungia nayo Oratorio ya Krismasi, mwaka 1734 hadi 1735, kwa tarumbeta na ngoma: shangwe tupu! Tuni ni ile ile, kwa hiyo huzuni haikuwa ndani yake.

Atakayepinga atasema waumini wa karne ya 18 walizikokota nyimbo hizi. Ni kweli, ila mazoea ya ibada si agizo la mtunzi. Juu ya korale Bach kwa kawaida hakuandika mwendo wowote. Aliweka alama ya kituo mwishoni mwa mstari, panapovutwa pumzi. Mstari unaoburutwa hadi mwimbaji akaishiwa pumzi katikati ya neno umekosa utaratibu, hata uwe wa polepole kiasi gani. Mwalimu wa kwaya asome ubeti kwanza, ndipo achague mwendo.