Mtu wa Makamo na Jembe Lake

Msomaji, habari za vita na za wafalme wa Uingereza umekwisha kuzisoma katika vitabu vya historia. Leo na tutazame jambo linaloonekana dogo mbele ya hayo, nalo ni mchezo wa kuchekesha uliotangazwa na televisheni ya BBC tangu mwaka 1975 hata mwaka 1978. Jina lake ni The Good Life, na waandishi wake walikuwa wawili, John Esmonde na Bob Larbey. Mwanahistoria hadharau vicheko, kwa kuwa mara nyingi watu huyacheka mambo yale yale yanayowasumbua moyoni.

Mchezo huo ulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 4 Aprili, 1975, watazamaji walimwona mtu aitwaye Tom Good akitimiza miaka 40. Tom alikuwa mchoraji katika kampuni iliyotengeneza vitu vidogo vya plastiki vya kuchezea, vile vinavyotiwa ndani ya paketi za chakula cha asubuhi ili kuwavutia watoto. Kazi ilimpa riziki, lakini siku hiyo alijiuliza kama nusu ya maisha yake ilistahili kutumika kwa vitu kama hivyo. Akaacha kazi. Hakuhamia mashambani. Yeye na mkewe Barbara waliichimbua bustani ya nyumba yao pale pale Surbiton, kando ya London, wakapanda viazi na mboga, wakafuga kuku, nguruwe na mbuzi, wakakusudia kuishi kwa jasho la mikono yao.

Huenda ukauliza kichekesho ki wapi. Katika sehemu nyingi za Kenya, mbuzi nyuma ya nyumba na viazi mbele yake si jambo la kumchekesha mtu. Ili ufahamu, hapana budi turudi nyuma zaidi ya miaka mia. Waingereza nao walikuwa watu wa mashamba. Lakini viwanda viliwavuta mijini, hata hesabu ya watu ya mwaka 1851 ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa England na Wales walikuwa watu wa mijini. Surbiton yenyewe ni mtoto wa reli. Treni ilifika hapo mwaka 1838, na watu wenye kazi London wakajenga nyumba huko, wakisafiri asubuhi na kurejea jioni. Mbele ya nyumba zao walipanda nyasi, wakazikata vizuri. Nyasi zile hazikuliwa na mtu wala mnyama, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake: zilitangaza kwamba mwenye nyumba hana haja ya kulima ili apate kula. Basi Tom alipozing'oa, alivunja sheria isiyoandikwa popote. Margo, mke wa jirani yake Jerry, aliona aibu kana kwamba tope lile limeingia ukumbini mwake.

Lakini mwaka 1975 kicheko hicho kilichanganyika na hofu. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilianza kupanda, na katika miezi michache ikawa karibu mara nne. Mapema mwaka 1974, wakati wa mgogoro na wachimbaji wa makaa ya mawe, serikali ya Uingereza iliamuru viwanda vingi vitumie umeme siku tatu tu katika juma. Mwaka 1975 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 24. Wazee walikumbuka siku za Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahimiza kugeuza bustani zao kuwa mashamba ya mboga. Mtu aliyemcheka Tom jioni aliweza kulala akijiuliza kama mwenye akili si Tom.

Tena swali la Tom halikuwa lake peke yake. Mwaka 1965 Elliott Jaques, mtaalamu wa mambo ya nafsi aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi London, aliandika makala juu ya msukosuko wa umri wa makamo. Alieleza kwamba mtu afikapo katikati ya maisha hutambua kuwa kifo si habari ya wengine tu, bali chamngoja yeye pia. Mwaka 1976 BBC ilionyesha mchezo mwingine wenye jambo hilo hilo, The Fall and Rise of Reginald Perrin, ulioandikwa na David Nobbs. Perrin, mtu wa miaka 46, alichoshwa na kazi yake katika kampuni ya vyakula vitamu, akaziacha nguo zake pwani ili watu wadhani amejiua baharini.

Walinganishe watu hawa wawili. Perrin alitoroka peke yake, akamwachia mkewe msiba wa uongo. Tom alimwuliza mkewe kwanza. Barbara hakukubali papo hapo. Alifikiri sana, kisha akakubali, na tangu hapo jembe likawa la wote wawili. Alivaa nguo kuukuu, akavumilia tope na baridi. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1977, walirudi nyumbani wakakuta wahalifu wamevunja na kuharibu mali yao. Hapo mchezo uliacha kuchekesha. Walikaribia kukata tamaa, lakini wakaendelea.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba Tom alijitegemea kabisa. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kulipiwa. Hawakuwa na watoto wa kulea. Kodi ya nyumba haikulipwa kwa viazi, ilidai fedha. Tena Jerry na Margo, waliokuwa wakiishi kwa mshahara wa kampuni ile ile aliyoiacha Tom, hawakuwatupa majirani zao wakati wa shida. Mtu mwenye kodi ya pango na watoto watano asingaliweza kumfuata.

Mchezo wa mwisho ulichezwa mwaka 1978 mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili. Tope lililomtia Margo aibu lilikuwa limefika mbele ya Malkia, na nchi nzima ilikuwa imempenda mkulima wa Surbiton.

Wewe msomaji bado u kijana, na miaka 40 waiona mbali. Itafika. Siku hiyo usiogope kuuliza kama kazi yako ina faida kwa mtu yeyote. Bali kabla hujatupa kalamu au jembe, waulize kwanza wale watakaokula nawe matunda ya shauri lako, na watakaolala njaa pamoja nawe likiharibika.